Kinywaji Ni Kodi ya Kiti: Ushauri kwa Anayekwenda Baa ya Kale Kando ya Mto Thames

Mzee wangu kutoka Rapsu alisimama mlangoni akakataa kuingia. Alikuwa amekuja London kumwona binti yake, ambaye ni muuguzi, na kwa kuwa binti alikuwa zamu ya mchana, kazi ya kumtembeza mgeni iliniangukia mimi. Nikamleta Wapping, mashariki mwa jiji, kwenye baa iitwayo Prospect of Whitby. Sasa, mtu wa Rapsu, kule upande wa Kinna katika kaunti ya Isiolo, amelelewa na chuo cha Kurani, ng'ombe na mfereji wa kumwagilia shamba. Neno baa kwake ni kelele, ugomvi na mshahara uliopotea. Alinitazama kama mtu aliyealikwa kuswali kilabuni.

"Hatuendi kunywa, Mzee," nikamwambia. "Tunaenda kuangalia mto."

"Na mto uko ndani ya baa?"

"Uko nyuma ya baa. Baa ndiyo njia."

Akaingia kwa mguu wa kulia, midomo ikicheza na dua. Tukakaa saa tatu na ushei, tukanywa chai, tukala sahani ya viazi vya kukaanga. Tulipofika, maji yalikuwa yanashuka kuelekea baharini kama mto wowote wenye adabu. Tulipokuwa tunamalizia chai ya pili yakasimama, halafu yakaanza kupanda kurudi yalikotoka. Mzee akainuka, akashika reli ya roshani, akatazama muda mrefu. Huyu ni mtu aliyegawa maji ya mfereji maisha yake yote. Anajua maji huenda wapi. Akageuka akasema, "Mwanangu, mto huu umelewa. Asubuhi umeondoka nyumbani, sasa huo unarudi."

Tangu siku hiyo nimewapeleka wageni wengine: wanafunzi, mashemeji, kina mama waliokuja kulea wajukuu. Wengine waliondoka na hadithi za mwaka mzima, wengine walirudi wamechoka na mfuko mwepesi, wakiuliza kulikuwa na nini cha kuona. Waliofaidi hawakuwa na pesa zaidi ya wenzao. Walikuwa wamejiandaa, na walijua jambo moja ambalo nitalirudia hadi ulichoke: katika baa ya kale ya mtoni, kinywaji ni kodi ya kiti. Unanunua kitu kwa sababu kiti si cha bure. Kilichokuleta ni mto, ukuta, na yaliyopita hapo.

Ni nyumba gani hiyo

Jina kamili la baa kwa Kiingereza maana yake ni nyumba ya watu wote, na zile za kale bado zina tabia hiyo. Utakuta bibi anafuma, mtu na mbwa wake, familia yenye kigari cha mtoto, na mzee anayesoma gazeti mbele ya glasi moja kwa saa mbili bila kusumbuliwa. Si kama baa ya kando ya barabara kuu ambako ukikaa bila kuagiza mhudumu anakukatia jicho.

Zile za kando ya Thames ziliishi kwa mabaharia. Kwa karne nyingi mto huu ulikuwa bandari ya London. Meli zilitia nanga katikati ya maji, mizigo na watu wakavushwa kwa mashua hadi kwenye ngazi za mawe, na kila penye ngazi palikuwa na baa. Humo mabaharia waliajiriwa, walilipwa, waliibiwa, na wakati mwingine walikamatwa kwa nguvu na kupelekwa kwenye manowari za mfalme. Hivyo ukiiona ngazi ya kale inayoshuka mtoni, tazama kando yake. Mara nyingi baa ipo, au ilikuwepo.

Chagua moja, usikimbilie zote

Mgeni anayetaka kuona baa tano kwa siku moja ataona vyoo vitano. Chagua moja, mbili zikizidi. Mimi hupendekeza tatu hizi, kila moja kwa sababu yake.

Ya kwanza ni Prospect of Whitby, Wapping. Chimbuko lake huhesabiwa kuanzia mwaka 1520 hivi, ingawa moto na matengenezo vimebadilisha sehemu kubwa ya jengo. Zamani iliitwa Baa ya Ibilisi kwa sababu ya wateja wake, wakiwemo wezi na wauzaji wa magendo. Jina la sasa limetokana na meli ya mji wa Whitby iliyokuwa ikitia nanga karibu. Tazama chini: sakafu ni mawe mapana yaliyolainishwa na nyayo, na huaminiwa kuwa sehemu kongwe kuliko zote. Tazama kaunta: juu imefunikwa kwa bati zito la rangi ya kijivu, na imeegemezwa kwenye mapipa. Halafu tazama nje, kwenye matope ya ufukwe. Kuna mti umesimamishwa ukiwa na kitanzi cha kamba. Nitaeleza baadaye.

Ya pili ni Mayflower, Rotherhithe, ng'ambo ya mto. Kutoka hapa mwaka 1620 iliondoka meli ya jina hilo, ambayo baadaye iliwachukua wahamiaji waliokwenda kuanzisha makazi Marekani. Nahodha wake, Christopher Jones, alizikwa mwaka 1622 katika kanisa la Mtakatifu Maria lililo hatua chache tu kutoka mlangoni. Baa ilipewa jina la meli mwaka 1957, lakini palikuwa na nyumba ya wasafiri hapo kwa karne nyingi kabla. Nyuma ina jukwaa la mbao juu ya maji, na maji yakijaa unayaona kati ya mbao chini ya viatu vyako.

Ya tatu ni Trafalgar Tavern, Greenwich, na hii ndiyo ya wanamaji hasa. Ilijengwa mwaka 1837, mwaka Malkia Victoria aliposhika kiti cha enzi, ikapewa jina la vita vya baharini vya 1805 ambamo Admirali Nelson aliwashinda Wafaransa na Wahispania na kuuawa. Jirani yake ni majengo makubwa yaliyojengwa kuwa makao ya mabaharia wazee na vilema, na kuanzia 1873 hadi 1998 yakawa chuo cha jeshi la wanamaji. Mwili wa Nelson ulilazwa humo siku tatu mwezi Januari 1806 ili watu wautazame, kisha ukapandishwa mtoni kwa mashua kwenda kuzikwa katika kanisa la Mtakatifu Paulo.

Hapa kuna onyo. Si kila kinachoonekana cha kale ni cha kale. Wapping hiyo hiyo kuna baa iitwayo Captain Kidd, yenye mihimili ya mbao na picha za maharamia; inapendeza, na roshani yake ni nzuri, lakini ilifunguliwa miaka ya 1980. Hakuna ubaya kukaa hapo, mradi ujue unachokitazama. Njia rahisi ya kutambua ni kupiga hodi kwa macho: sakafu, ngazi na kuta za nyuma husema kweli kuliko mapambo ya mbele.

Nenda kwa saa ya maji, si saa ya ukutani

Mtu wa Lamu au Bagamoyo hahitaji somo hili. Wa Isiolo, Dodoma au Nakuru analihitaji. Thames hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kwa sababu bahari huusukuma mto hadi katikati ya jiji. Tofauti ya maji kupwa na kujaa yaweza kufika mita 7 hivi wakati wa bamvua, karibu mara mbili ya Mombasa. Maana yake, baa ileile ni mahali pawili tofauti. Maji yakipwa utaona ufukwe wa matope na kokoto, ngazi za mawe zenye mwani, magogo ya gati zilizooza, na kule Prospect ule mti wenye kitanzi ukiwa umesimama mkavu. Maji yakijaa yote hayo yanazama, mawimbi ya mashua yanapiga ukuta, na Greenwich siku ya upepo utalowa ukikaa nje.

Mamlaka ya Bandari ya London hutoa jedwali la maji bila malipo. Tafuta saa ya maji kupwa kwenye daraja la London, kisha ufike saa moja na nusu kabla. Ukikaa saa tatu utayaona yakishuka, yakisimama, yakigeuka. Huo mgeuko ndio uliomwinua mzee wangu kitini, na hakuna mwongozaji wa watalii atakayekuuzia kitu bora zaidi.

Ukitaka kushuka ufukweni, shuka maji yakiwa yanapungua, rudi kabla hayajageuka, na usishuke peke yako. Zile ngazi zina utelezi mbaya na maji hupanda haraka kuliko unavyodhani. Tena usichimbue wala kuokota kitu. Utaona vipande vya viko vya udongo, misumari ya meli na vigae, na mkono utawasha. Lakini kutafuta vitu humo kunahitaji kibali cha mamlaka hiyo ya bandari. Piga picha, viache.

Kuhusu majira: Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na utakuwa umelipia giza. Juni jua bado linawaka saa tatu usiku, jambo linalomchanganya kila mtu anayehesabu saa kwa jua kama sisi. Aprili hadi Septemba ndiyo miezi ya kwenda. Hata hivyo beba koti. Upepo wa mtoni hauna Julai.

Njia ya kufika ni nusu ya safari

Kwenda Greenwich, panda boti ya abiria kutoka Westminster, unalipa kwa kugusa kadi ya benki kama unavyolipa basi. Utapita chini ya madaraja na mbele ya maghala ambayo zamani yalihifadhi viungo, chai na pembe za ndovu. Ukifika utaiona Cutty Sark, jahazi la chai lililoshushwa majini mwaka 1869, limesimama nchi kavu. Ukitaka kurudi ng'ambo kwa miguu, upo ushoroba wa wapita njia chini ya mto uliofunguliwa 1902, na hauna kiingilio.

Wapping na Rotherhithe zimeunganishwa na treni ya njia iitwayo Windrush, jina la meli iliyoleta watu wa Karibi Uingereza mwaka 1948. Kituo kimoja tu kati yake, lakini treni hiyo inapita katika handaki la mhandisi Brunel, lililofunguliwa 1843, la kwanza duniani kuchimbwa chini ya mto unaopitisha meli. Kwa nauli ya kawaida unapita ndani ya maajabu ya karne ya kumi na tisa ukiwa umeshikilia mfuko wa ununuzi. Basi kaa Prospect maji yakipwa, vuka kwa treni, umalizie Mayflower maji yakijaa. Hiyo ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote.

Kaunta ina zamu, ingawa huioni

Wageni wetu wengi hukaa mezani wakasubiri mhudumu. Watasubiri sana. Katika baa hizi unakwenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba kinywaji chako. Chakula pia huagizwa kaunta mara nyingi: angalia namba ya meza yako kabla ya kuinuka, uitaje, kisha kitaletwa.

Tatizo ni kwamba mbele ya kaunta hakuna foleni. Watu wamejipanga ovyo, na mgeni hudhani anayepaza sauti ndiye anayehudumiwa. La hasha. Kila mmoja pale anajua nani kamtangulia, na mhudumu anajua. Zamu yako ikifika utatazamwa. Kama umetangulizwa kimakosa, mwonyeshe aliyekutangulia. Usipunge noti, usipige vidole, usiite kwa mluzi. Nilipomweleza mzee wangu haya alicheka. "Ni mfereji huu," akasema. Kwao mkulima hachungulii saa kujua zamu yake ya maji. Anajua amefuata shamba la nani, na anayefungua lango la maji kabla ya zamu anakumbukwa kwa ubaya hadi wajukuu. Mtu yule, aliyekuwa hajawahi kukanyaga baa, aliielewa kaunta kwa dakika moja.

Kadi inakubalika kila mahali, na baadhi ya nyumba hazipokei taslimu kabisa, kwa hiyo usitegemee noti pekee. Kaunta hakuna desturi ya bahashishi. Kwenye meza za chakula unaweza kukuta ada ya huduma imeongezwa kwenye bili, basi soma kabla ya kulipa mara mbili. Ukiwa na Waingereza, jua kuna kununuliana kwa zamu: mmoja ananunua kwa wote, kisha mwingine. Kama hutaki kuingia katika mduara huo, sema mwanzoni kabisa kwamba utajinunulia. Anayekunywa za wenzake tatu kisha akakumbuka kwamba ana miadi anajiharibia jina, na jina la kwao pia.

Jumapili mchana ni siku ya nyama choma yao ya oveni na nyumba hujaa. Weka nafasi mapema, au nenda Jumanne saa nane mchana, ambapo utachagua dirisha unalotaka.

Kwa asiyekunywa, na mwenye watoto

Hakuna atakayekuuliza kwa nini hunywi. Agiza chai, kahawa, juisi, au soda yenye maji ya ndimu. Sheria ya leseni ya England inawataka wakupe maji ya bomba bure ukiomba, lakini usikae dirishani saa tatu kwa maji ya bure. Nilishasema: lipa kodi ya kiti.

Mwenye kujizuia kwa ajili ya dini aangalie mitego minne. Saida ya Kiingereza ni pombe ya tofaa, hata ikionekana kama juisi. Kinywaji cha tangawizi kina aina mbili, chenye kilevi na kisicho nacho, kwa hiyo uliza. Bia zinazoitwa hazina kilevi hazilingani: ipo iliyoandikwa 0.0 na ipo yenye asilimia 0.5, soma chupa. Na mtego wa nne, ambao hata wenyeji wa miaka mingi hunaswa: samaki wa baa mara nyingi huvikwa unga uliokorogwa kwa bia kabla ya kukaangwa, na zile pai za nyama nyingi hupikwa na bia ndani. Uliza pia kama samaki na soseji za nguruwe zinakaangwa katika mafuta yaleyale. Wahudumu wamezoea maswali haya kwa sababu ya wenye mzio wa vyakula, na watakujibu bila kununa.

Ukiwa Trafalgar Tavern, uliza kama kuna dagaa. Ndiyo, dagaa. Katika karne ya kumi na tisa mawaziri wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuja Greenwich mwisho wa kikao cha Bunge kula visamaki vidogo vya mtoni, vikikaangwa vizima na vichwa vyake, vikikamuliwa limau. Watu wa Kigoma na Kisumu, mnajua namna ya kuvila kuliko mawaziri wale. Mimi sijaona mgeni kutoka Afrika Mashariki ambaye hakutabasamu sahani ile ilipowekwa mezani, na hakuna ambaye hakuuliza ugali uko wapi.

Watoto huruhusiwa wakiwa na wazazi, lakini nyumba nyingi huwataka waondoke jioni; uliza kaunta. Kijana anayeonekana chini ya miaka 25 huulizwa kitambulisho anaponunua pombe, na umri halali wa kununua ni miaka 18, kwa hiyo abebe kimoja. Kuvuta sigara ndani kulipigwa marufuku England Julai 2007. Anayetaka kuswali ajue kwamba Msikiti wa East London, Whitechapel, si mbali na Wapping. Na asiyetaka kabisa kupita mlango wa baa, nakiri nilimdanganya mzee wangu kidogo: kando ya Prospect kuna uchochoro unaoshuka hadi Pelican Stairs, ngazi ya umma. Mto utauona bila kununua hata chai.

Uliza yetu yako wapi

Kuta za baa hizi zimejaa picha za meli na maadmirali, na mgeni anaweza kudhani anatazama sebule ya watu wengine. Tazama vizuri zaidi.

Kile kitanzi cha Wapping kinakumbusha mahali maharamia walipotundikwa. Walinyongwa ufukweni maji yakiwa yamepwa, na kwa desturi maiti iliachwa hadi maji yaifunike mara tatu. Mashuhuri kuliko wote ni William Kidd, aliyenyongwa Mei 1701. Kamba ilikatika mara ya kwanza, akanyongwa tena. Meli yake ilijengwa Deptford, jirani na Greenwich, na uharamia uliompeleka kitanzini ulifanyika katika Bahari ya Hindi, bahari yetu. Mwaka 1697 alikuwa visiwa vya Komoro, na kule Mwali mabaharia wake wengi walikufa kwa maradhi.

Ukiwa Greenwich, ingia Makumbusho ya Taifa ya Bahari, ambayo hayana kiingilio, ulione koti la Nelson lenye tundu la risasi begani. Kisha kumbuka ambao makoti yao hayakuhifadhiwa. Katika karne ya kumi na tisa manowari za Uingereza zilizofanya doria pwani ya Afrika Mashariki ziliajiri mabaharia wa kwetu, wengi wakiwa watu waliookolewa utumwani, na kuwaandika daftarini kama "Seedies", kutoka neno sidi. Walichochea moto wa injini, walivuta makasia, walikuwa wakalimani. Manowari za jeshi hilohilo ndizo zilizopiga kasri la Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1915. Mwezi Juni mashua mbili ndogo za injini za jeshi hilo, zilizokusudiwa msafara wa Ziwa Tanganyika, zilijaribiwa katika mto huuhuu wa Thames. Kiongozi wa msafara alitaka ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa, akazipa majina ya Kifaransa cha kitoto: Mimi na Toutou. Zikapakiwa melini hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, zikaburutwa milimani, zikashushwa Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanaondoka Kigoma. Iliibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo kila mtu wa Kigoma analijua: Liemba. Kwa hiyo ukikaa na chai yako ukaona mashua ikipita, mto huo si wa ugenini kama unavyodhani.

Kama London ni mbali

Wengi wenu hamtakwenda London, na viza yake si lelemama. Anzeni na kilicho karibu. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili inayosimulia hadithi moja: mmoja wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyoshambuliwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na mwingine wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishambulia. Königsberg ilikwenda kujificha katika delta ya Rufiji hadi Julai 1915, ilipoangamizwa na manowari mbili zenye majina ya mito ya Uingereza, Severn na Mersey. Baadhi ya waliokufa kwenye Pegasus wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe. Maadui waliowindana baharini leo wamesimama bega kwa bega kwenye jua la Mombasa, na watoto wanawapanda kupiga picha.

Kanuni ni zilezile. Jua saa ya maji, nunua madafu au kahawa kwa anayeuza hapo, kaa, halafu uliza wazee. Ni kodi ya kiti.

Mzee wangu alirudi Rapsu. Binti yake ananiambia kwamba barazani hasimulii habari za Ikulu ya Mfalme wala saa kubwa ya Bunge. Anasimulia mto unaorudi, na wasikilizaji humwona mwongo. Basi ukipata nafasi, nenda ukamthibitishie: chukua jedwali la maji, lipia chai moja, keti dirishani, na usiinuke mpaka mto ugeuke.